Ukoka wa Elinaza

Jumamosi, 10 Februari 2024

Jua la Same halina huruma. Maji ya bomba yametoka alfajiri, nikaacha hata chai. Ndoo kwanza! Ukoka hautaki kunyunyiziwa kidogo kidogo kila siku. Unataka unyweshwe mara moja, udongo ulowe mpaka chini. Rogath amenibebea ndoo. Akauliza kama nyasi zangu zinakunywa kuliko ng'ombe. Tumecheka. Mume wangu huyu!

Mtaalamu wa mazoezi alisema mtoto apate mahali laini pa kuangukia. Basi ndiyo kazi yangu. Elinaza ana miaka minane na miguu yake bado haijamtii.

Jumapili, 21 Aprili

Masika imekolea. Milima huioni kwa mawingu. Samadi imeingia vizuri, ukoka umeshonana, udongo hauonekani. Siukati chini sana — ukifika kwenye shina jeupe jua linaunguza.

Baada ya kanisa Elinaza ameachia mkono wangu. Hatua chache, peke yake! Halafu puu, chini, anacheka, gauni lote madoa ya kijani. Nimepiga vigelegele. Rogath alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani atakuja. Akaingia ndani.

Jumatatu, 15 Julai

Baridi. Ukoka umepauka. Si ugonjwa, kila kipupwe ndivyo unavyofanya. Mbolea hapana, maji kidogo, kung'oa magugu tu.

Elinaza ameangukia ukingoni, kwenye saruji. Mdomo umepasuka. Rogath alimbeba mpaka zahanati. Wakati wa kula ndipo akasema: mtoto amechoka, hivi wewe huoni? Nikasema bado kidogo tu. Akaendelea kula.

Jumatano, 9 Oktoba

Joto limerudi, ukoka ulishaanza kuchipua — na sasa njano! Imeanzia katikati, palepale pa mazoezi. Nimefukua. Hakuna mchwa, hakuna funza. Mizizi ina unyevu. Sielewi.

Rogath alichuchumaa nami, akashika majani, akasema labda ni mchwa wamejificha. Akaniambia pole.

Ijumaa, 18 Oktoba

Katikati kote kahawia. Nimeng'oa kipande na mizizi yake, nikakipeleka kwa binamu yangu Agatha, dukani kwake kwa pembejeo. Alikigeuza-geuza. Akasema huu si ugonjwa, umepigwa dawa ya kuua magugu. Nikacheka! Nani aje apige dawa kwangu, na geti tunafunga?

Akakirudisha kipande juu ya kaunta. Halafu, kwa sauti ndogo:

"Lakini dada, si shemeji alinunua dawa hiyo hapa mwezi uliopita? Alisema ni ya shamba lenu la kule Bendera."

Shamba la Bendera tumelikodisha tangu mwaka jana. Yeye mwenyewe ndiye aliyelikodisha.

Nimerudi kwa miguu. Sijui nilipita njia gani.

Jumamosi, 19 Oktoba

Hakukana. Hata kukana hakukana!

"Nimechoka kumwona akianguka, Mama Elinaza. Kila siku anaanguka, na wewe unapiga vigelegele."

Ameagiza kiti cha magurudumu Moshi. Kiti hakisukumiki kwenye nyasi, kwa hiyo anataka kutandaza matofali ya pevingi uani. Alijua nitakataa. Akasubiri niende kwenye ibada ya akina mama, akapiga dawa.

Nikamwuliza: ukaniacha nifukue? Nikitafuta mchwa kwa vidole? Ukaniambia pole?

Akanionyesha risiti ya kiti.

Angesema tu! Tungegombana, ningelia, lakini ningejua nagombana na nani. Kumbe nilikuwa namwagilia kitu kilichokufa, naye ananishikia ndoo.

Na Elinaza alijua. Alikaa barazani siku ile akimwangalia baba yake akipiga dawa. "Baba alisema nisikuambie, mama, utalia." Mtoto wangu mwenyewe — amemfundisha kunificha.

Jumatatu, 21 Oktoba

Lori la pevingi liko nje. Rogath amesimama nalo pamoja na wapakuzi. Ufunguo wa geti nimeufunga kwenye pindo la kanga. Nimekaa kwenye ngazi, naandika. Anagonga. Ananiita kwa upole, anaogopa majirani.

Nilimwambia Elinaza tufanye mazoezi, hata kama majani ni makavu. Akasimama, amenishika. Mguu hakuinua. Anatazama geti.

"Mama, na kiti kimekuja?"

Nikamwuliza, kwani unakitaka? Akaniangalia kama mtu anayeogopa kukosea.

"Nitaenda nacho mpaka shule?"

Tangu lini? Tangu lini anawaza hivi, na kwa nini alimwambia baba yake, mimi asiniambie? Au hata baba yake hakumwambia, aliona tu. Mimi niliona nini miaka yote hii — nyasi?

Anagonga tena. Elinaza ameketi chini, anajikokota juu ya majani yaliyokufa kuelekea getini. Hageuki nyuma. Amefika, ameshika chuma. Anasema, "Shikamoo baba."

Ufunguo ninao mimi.