Kilio cha Timu Mlangoni Mwangu

Mama yangu mpendwa,

Kabla sijakuamkia: Baba Achieng yu mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu Mwakio wa kwa shangazi, anayefanya kazi kwenye gari la moshi, alipita mtaani kwetu juzi Jumamosi, akasikia kilio nyumbani kwangu, akakimbilia stesheni asije akaachwa. Mdomo wake naujua. Kama amekuletea msiba, nyamaza, mama. Mkwe wako hajafa.

Shikamoo sasa. Miguu yako inaendeleaje? Mvua imefika huko Taita? Hapa Migosi watoto ni wazima, na mimi pia, ila nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nisamehe mwandiko.

Chanzo ni mpira. Kamati ya timu ya hapa imemchukua mume wangu awe kocha msaidizi. Nilifurahi, nikakaanga samaki, kumbe nafurahi peke yangu. Zamani, kabla hajanioa, aliwachezea mahasimu wao wa upande wa bandarini, akawafunga watu wa hapa bao la dakika za mwisho likawanyima kombe. Siku hizi ana kitambi, lakini watu hawa hawasahau! Kinyozi alikataa kumnyoa. Pale sokoni Kibuye, mama ninayenunua kwake omena, dagaa wa huku, aliniambia, “Nyar Taita,” ndivyo wanavyoniita, binti wa Taita, “mwambie bwana yako arudi kwa wale aliowafungia.” Omena zake nikamwachia.

Basi juzi natoka sokoni, kikapu kichwani, nikasikia nduru. Mama, huku mwanamume akifa watu huja mbio na matawi ya miti, filimbi na pembe, na wanawake wanalia mpaka unahisi ardhi inatikisika. Nikaona matawi mlangoni mwangu. Nikaona ubao umefunikwa shuka nyeupe. Kikapu nilikitupa, kitambaa cha kichwa sijui kiliangukia wapi. Nilipiga nduru nikamlilia mume wangu kwa jina lake, jina ambalo sijawahi kulitamka mbele za watu.

Wote wakageuka kunitazama. Mlango ukafunguka, Baba Achieng akatoka na fulana ya ndani. “Mama Achieng, kuna nini?”

Chini ya shuka palikuwa na jezi. Jezi! Ati wanaizika timu, kwa kuwa kocha huyu ataiua. Seremala mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, akaniambia, “Pole, mama. Hatukumlilia yeye, tumelilia timu. Ni mzaha tu.”

“Mzaha mzaha hutumbuka usaha!” nikamwambia, na mengine ambayo siwezi kumwandikia mzazi wangu.

Jana asubuhi mama mkwe akaja kutoka Kombewa. Hakuketi, hakunywa hata chai. Kwao mtu aliye hai haliliwi. Ukimlilia, umemwitia kifo. “Aache hiyo kazi,” akasema, “kabla kilio hakijamfuata.” Kisha akanitazama. Wale walililia jezi, mama. Aliyemlilia mume wangu kwa jina ni mimi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, na hilo sitawasamehe.

Mume wangu mwenyewe alicheka, akasema hafukuzwi na matawi, akaenda uwanjani. Mimi nilibaki nafua. Jioni nikasikia kelele, nikainua macho. Watu wamejaa njia nzima, matawi yale yale, na mabegani wamembeba mume wangu. Nguo niliyokuwa nafua niliiachia. Sikujua kama ni wimbo au ni kilio. Nilitazama mkono wake tu. Ukanyanyuka, ukanipungia.

Kumbe wameshinda. Niliwamwagia beseni zima la maji ya sabuni, kocha wao pamoja nao. Wapumbavu wale wakacheka wakapiga makofi, wakadhani nashangilia.

Msalimie Baba, na dada yangu mdogo, na bibi mkunga aliyempokea Achieng. Mwakio akipita hapo mkamate shati, umwambie azunguke nyumba zote alizopeleka msiba, moja moja, aseme mkwe wenu yu hai. Alilowa tu.

Ni mimi mwanao, bado nimekasirika,
Wakesho