Somo Yako Hakujui, Salima

Mjukuu wangu Salima,

Kwenye kisomo cha watu wazima tunafundishwa kuanza barua kwa kuulizana hali. Mimi sikuulizi. Hali yako nimeshaisikia kwa shangazi yako aliyepita Magomeni, hapo mjini, nyumbani kwa baba yako: unashinda ndani, redio sikioni, nyusi ulizozinyoa bado hazijaota. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi zimelala upande, usizicheke. Msomee baba yako, na hao mashoga zako wanaokuja kusukana hapo barazani wasikie pia. Sina cha kuficha. Ulilolifanya ulilifanya mbele ya wanawake wote wa Ziwani.

Unakumbuka ulivyoanza? Mimi nakumbuka. Ulikuwa huna meno ya mbele, akaja yule muuguzi wa zahanati na baiskeli yake kuchanja watoto. Wenzako wakakimbilia mikoroshoni. Wewe ukamfuata mpaka mwisho wa kijiji, ukarudi ukaniambia, "Bibi, mimi nitakuwa muuguzi." Nikafurahi, nikamwambia kila niliyemkuta kisimani. Kumbe ulichokipenda ni viatu vyake vyeupe. Siku alipokuja amevaa ndala, uuguzi ukaisha. Ikawa ualimu, kwa ajili ya saa ya mkononi ya mwalimu. Kisha ukataka kuwa kama mke wa bwana shamba, na yeye kazi yake sijui ilikuwa nini zaidi ya kutembea na mwavuli. Mimi nacheka tu. Nikasema mtoto huyu anatazama nguo, akikua atamtazama mtu mwenyewe.

Haya, umekua.

Likaja lile gazeti ulilofungiwa sukari dukani. Ukalikunjua, ukamwona huyo mwanamke wenu anayeimba redioni, mkono kiunoni, nyusi kama uzi. Sukari ukaimimina kwenye bakuli la chumvi, nikanywa chai ya chumvi. Picha ukaibandika kwa uji wa muhogo kwenye ukuta wangu niliousiriba mwenyewe. Tangu siku hiyo kazi ikawa shida. Unamenya muhogo mmoja, unainuka, unaweka mkono kiunoni. Wa pili namenya mimi.

"Bibi, shingo yangu si ndefu kama yake?"

"Shingo hiyo ni ya babu yako," nikakujibu, "na babu yako alibebea magunia."

Ukanuna mpaka jioni.

Na usije ukawaambia watu wa Magomeni kwamba bibi yako alikukataza kuimba. Nani alikukataza? Tukitwanga tunaimba sote, mtaa mzima unajua sauti yangu. Wewe ndiye uliyekuwa unafumba mdomo, unasema hizo nyimbo za kishamba. Nikasema sawa, pengine anaziweka sauti kwa ajili ya hizo za mjini. Nikatega sikio. Sikusikia wimbo. Nilisikia kioo chako cha kujitazamia kikiangushwa.

Bendi yao ilipokuja mjini nikakupa ruhusa, sikukunyima. Mkapanda lori la korosho wewe na wenzako, mkarudi asubuhi mmejaa vumbi, na wewe hukuweza hata kula. Ulikaa pale mlangoni ukashika miguu yangu. "Alinitazama, bibi. Watu wote wale, akanitazama mimi. Ule wimbo wa mwisho aliniimbia mimi." Macho yako yalikuwa yanang'aa hata nikaona vibaya kukutuma maji. Nikaenda mwenyewe.

Sasa niandike la ngoma yako ya unyago. Ya ndani siandiki, yanabaki ndani. Ya nje naandika, maana hata kuku waliyaona. Mwali akitolewa huulizwa jambo moja tu mbele ya wanawake: somo yako nani? Naye anamshika mkono yule aliyewekewa wa kumfunda na kumsimamia, anamtaja jina, wanapiga vigelegele, na hao wawili wameshafungana mpaka kaburini. Hakuna mwali aliyewahi kulikosa jibu, kwa kuwa jibu limekaa mbele yake kwenye mkeka. Somo yako wewe, Bi Asumini, alikuwa ameshanyoosha mkono. Nawe umejinyoa nyusi alfajiri ile kwa wembe, umejichorea nyingine kwa wanja, na jasho lilikuwa limeziteremsha mpaka mashavuni. Ukainua kidevu kama ile picha, ukalitaja jina la mwimbaji.

Wanawake wakacheka. Walidhani unatania. Ukalitaja tena.

Bi Asumini akaurudisha mkono wake taratibu, akakunja mkeka, akaenda zake. Mimi nikakuvuta ndani, na ulichonijibu mle ndani alikisikia, kwa kuwa alirudi kuchukua ndala zake. "Nijifunze nini kwake, bibi? Kumenya muhogo? Somo gani anavaa kaniki?"

Salima, mkono ule ulioukataa una kovu. Hujawahi kuuliza kovu la nini, kwa kuwa halikuwa kwenye gazeti. Ni meno ya mama yako, Mungu amrehemu. Bi Asumini alikuwa somo yake kabla hajawa wako. Siku mama yako anakuzaa wewe, ulikaa vibaya, tukahangaika naye tangu asubuhi, na Bi Asumini alikuwa amemshika kwa nyuma. Mama yako akamng'ata, akaendelea kumng'ata. Mkunga akamwambia, "Toa mkono, dada, unatoka damu." Akajibu, "Niache, ananihitaji." Ukatoka wewe, ukalia. Hapo ndipo alipoutazama mkono wake. Hiyo ndiyo kazi ya somo. Siyo shingo.

Basi ukakimbilia kwa baba yako, nikabaki na hasira yangu. Nikasikia bendi imemaliza Newala na Masasi, imerudi mjini. Nikajifunga kanga mbili, nikapanda lori, nikashuka Mtawanya na kumalizia kwa miguu mpaka nyumba ya wageni walikofikia. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga njia nzima. Nilitaka nimwambie amrudishe mtu wangu.

Nikabisha hodi uani. Nikamkuta mama mmoja amekaa kwenye kigoda, kitambaa kichwani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Visigino vimechubuka vyote. Kamba ya nguo imejaa magauni yanayometameta, mengine yamelowekwa, na anayafua mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba. Namtafuta anayeimba."

"Ndiye mimi."

Nikamtazama nyusi. Anazo, Salima. Zimeota kama za mtu yeyote.

Nikamwambia, "Mjukuu wangu amekutaja kuwa somo yake mbele ya watu." Hakucheka, maana kwao pia wanacheza ngoma, anajua uzito wake. Akauliza, "Mjukuu wako nani, mama?" Nikasema Salima. Akasubiri. Nikasema Salima wa Ziwani, mrefu, alikuja kwenye dansi. Akafikiri kweli kweli, sikuona dharau. "Nisamehe, mama. Simjui."

"Anasema ulimtazama. Anasema wimbo wa mwisho ulimwimbia yeye."

Akautoa mguu mmoja kwenye beseni, akasema, "Mama, pale juu taa zinanipiga machoni. Simwoni mtu. Naona giza tu, nalitabasamia giza."

Nilikuwa nimekuja kugombana na mwizi, nikamkuta mtoto wa watu ana malengelenge. Nikamuuliza nani anamsaidia kufua. Akasema hana mtu, wenzake wote ni wanaume na wamelala. Nikamwambia maji ya chumvi peke yake hayatoshi, ayapashe moto pamoja na majani ya mpera. Nikamsuuzia magauni mawili, nikarudi zangu. Nilikuwa na hasira zaidi ya nilivyokwenda, maana sasa sikuwa na wa kumkasirikia ila wewe.

Nakuuliza, nawe waulize na hao wenzako walionyoa nyusi, maana Ziwani sasa wasichana wote wanafanana na mayai. Siku uchungu ukikushika, utaibandua picha ukutani ikushike mgongo? Mume akikuudhi, utakwenda kulia kwa gazeti? Huyo mama wa watu simlaumu. Ana kazi yake, anaifanya, inamchubua. Wewe hukuitaka kazi yake. Hukuwahi kuniuliza anaamka saa ngapi, alifundishwa na nani, alianza vipi. Uliutaka mkono kiunoni. Ungenijia ukasema, bibi, nataka kuimba, koo liniume, visigino vinitoke damu, ningekwenda mimi mwenyewe kwa baba yako kukuombea, na siku ya kwanza ningekaa mbele kabisa na kanga mpya, watu wanione. Hilo bado lipo. Lakini mwimbaji naye anahitaji mtu wa kumsuuzia gauni. Nimeliona kwa macho yangu.

Sasa sikiliza la kufanya. Mwali aliyemuudhi somo yake haombewi na bibi, wala hatumi shangazi na kipande cha sabuni. Anakwenda mwenyewe asubuhi na maji kichwani, anayatua mlangoni kwa somo yake, anakaa chini, hasemi neno. Somo akiyaoga, yamekwisha. Akiyamwaga, mwali anainuka anateka mengine. Mama yako aliwahi kutekeshwa hivyo mpaka jua likawa kichwani, na alikuwa amekosa kidogo kuliko wewe. Mimi sitakuja Magomeni kukufuata. Nina mikorosho ya kupalilia na nina uso wangu. Njia unaijua, lori linaondoka sokoni kila asubuhi.

Ukichelewa, atakuja kukwambia nani kwamba umechelewa? Bi Asumini si kijana. Mwali asiye na somo hakatazwi kuolewa wala kuzaa, ila siku ya shida watu wote wanasimama mlangoni na hakuna mwenye haki ya kuingia.

Jana amekuja kwangu kuomba moto. Moto anao, nilikuwa nauona moshi wake tangu alfajiri. Alikaa kwenye kigoda, kaniki ile ile, akanisimulia habari za mbuzi, akanisimulia habari za mvua, jina lako hakulitaja. Nami sikulitaja, kila mmoja ana kiburi chake. Akainuka na kaa lake kwenye kifuu. Alipofika mlangoni akasimama, amenipa mgongo.

"Huko aliko," akasema, "anakula?"

Nikamwambia sijui.

Nenda ukamjibu.

Ni mimi bibi yako, mzaa mama yako,
Ziwani.