Salamu Zilizomaliza Dakika Mbili

Sharpstown, Houston
2 Aprili 2019

Shikamoo Baba mdogo,

Mgongo unaendeleaje huko kwa mwanao Erick? Umeshaliacha lile koti lake? Sisi huku wazima, isipokuwa Bibiche, jirani yangu Mkongo. Moyo wake ni dhaifu, na kiyoyozi chake kilikufa Agosti iliyopita. Alizimia kwa joto, nikambeba mwenyewe hadi kwenye gari. Mpaka leo meneja wa majengo anamwambia asubiri.

Sasa Bunge la Texas, kule Austin, lina muswada wa kuwalazimisha wenye nyumba kutengeneza viyoyozi ndani ya siku saba. Tarehe 16 kamati inasikiliza wananchi, nami nimeamua kwenda kusema. Joto la Juni halitamwacha Bibiche salama. Wewe umeandika Taarifa Rasmi za Bunge Dodoma miaka thelathini. Nianzeje? Najua mambo mazito huyataki kwenye simu.

Mwanao,
Glory


Mansfield
5 Aprili 2019

Mwanangu Glory,

Marahaba. Mgongo unanitii. Koti silivui, Erick aseme atakavyo.

Umeamua vizuri, na utasema vizuri. Anza na utangulizi. Mshukuru Mungu aliyekufikisha, mshukuru mwenyekiti kwa nafasi, wapongeze wajumbe kwa kazi, wape pole waliofiwa, zitakie heri familia zao. Hapo sasa ingia kwenye hoja. Nimewasikiliza wabunge mpaka masikio yakachoka, na aliyeruka salamu alionekana hana adabu. Tumia Kiingereza chako kile cha kazini hospitali, wala usiharakishe.

Mpe Bibiche pole zangu.

Baba yako mdogo,
Sadock


Sharpstown
17 Aprili 2019

Shikamoo Baba mdogo,

Natumaini umeamka salama. Mimi mwili mzima, aibu ndiyo inaniuma.

Niliendesha masaa matatu, nikajiandikisha asubuhi, nikaitwa saa kumi alasiri. Watu walikuwa wanakaa tu na kuanza kusema, hata habari za mchana hakuna. Nikajisemea, hawa hawana Baba mdogo. Nikafuata maelekezo yako yote. Nilikuwa nawatakia heri wajukuu wa wajumbe kengele ilipolia. Ni dakika mbili tu kwa kila mtu, Baba mdogo. Wewe hukuniuliza, na mimi sikukwambia. Bibiche sikuwa nimemtaja hata jina.

Mwenyekiti akanishukuru. Nikabaki kitini. Ndipo mjumbe mmoja, mama wa makamo, akavuta kipaza sauti. "Tangu asubuhi hakuna aliyetujulia hali," akasema. "Nina swali moja. Ulikuja kutuambia nini?"

Kumbe mjumbe akikuuliza, unaruhusiwa kujibu. Nikasema yote: kiyoyozi, kuzimia, jina la majengo yetu, mlango wa Bibiche namba 214. Nikamalizia kwa kuunga mkono hoja. Hakuna aliyepiga hata kofi moja. Nikaondoka sijui kama nimemsaidia Bibiche au nimemwangusha.

Mwanao,
Glory


Mansfield
22 Aprili 2019

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Kosa ni langu. Nilikupa utangulizi wa mbunge mwenye robo saa.

Kikao nimekitazama kwenye kompyuta mara nne. Erick anasema, "Baba, uta-replay mpaka lini?" Kisha nikakuandika kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama nilivyowaandika mawaziri. Kurasa hizo nimeziambatanisha. Kazini sikuwahi kuongeza kitu kisichosikika. Lakini ulipotaja namba 214, nimeandika kwenye mabano: Makofi. Ni uongo, najua. Nimeona fahari mno, nikashindwa kujizuia. Ukitaka nitafuta.

Baba yako mdogo,
Sadock


Sharpstown
1 Juni 2019

Shikamoo Baba mdogo,

Habari za Mansfield? Nisamehe kwa ukimya. Muswada ulikwama kwenye foleni ya kupigiwa kura, na Bunge limefungwa; huku hukutana kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo ni hadi 2021. Nililia kidogo garini.

Lakini meneja alipata habari kwamba majengo yake yametajwa Austin, kwenye kumbukumbu, pamoja na namba ya mlango. Wiki iliyopita kiyoyozi kipya kilifungwa 214. Milango mingine bado inasubiri, kwa hiyo 2021 nitarudi. Salamu nitazifupisha, sitaziacha.

Jana nilikaa kwa Bibiche, ubaridi mpaka amejifunika kitenge mabegani. Nikamsomea kurasa zako. Nilipofika kwenye yale mabano akanizuia, akataka nirudie kuanzia namba ya mlango wake. Nikarudia. Akaweka kikombe chini, akapiga makofi, na hakuacha haraka.

Kwa hiyo usifute kitu. Taarifa yako ni sahihi.

Mwanao,
Glory