Kususa si hasira

Ijumaa, jioni.

Hapana, sikukasirika. Hasira ningeipigia kelele, ikaisha. Hii ilikuwa kususa: watu wako wanakupita kana kwamba hauko, na weye unakaa kwako kimya, ukingoja waje kukuita. Wasipokuja, umesusa bure.

Harusi zote za ukoo wa mume wangu, ni minye nasonga bugali. Kesho wifi yangu anaoza binti yake, na mwaliko ulinifikia kwa mesaji ya telefone, sawa na majirani. Mtu wa jikoni anafuatwa kwake, kwa miguu! Siku tatu sikujibu. Nakubali, niliogopa. Na kama wangepata mwingine…

Leo wifi amekuja mwenyewe kutoka Kavimvira, vumbi mpaka magotini.

“Umesusa, weye?”

“Minye? Niko na kazi nyingi tu.”

Hakubishana. Alikuwa anatazama mlangoni, pale mwiko wangu mkubwa ulipoegemea ukuta, umeoshwa, umefungwa ndani ya kitenge. Niliuweka hapo tangu Jumatano.

Akautia begani, akatoka.

Nimemfuata mbio mpaka Kavimvira.