Kisima Nilichokificha kwa Adabu

Mkonze,
Dodoma.
13 Februari 2005

Mpendwa mwanangu Penina,

Bwana asifiwe, mama. Kifua kimeachia? Uliandika wakati wa Krismasi kwamba baridi ya huko Uholanzi inauma mpaka kwenye meno, na tangu hapo kila nikivuta shuka nakukumbuka. Vaa soksi mbili. Usione aibu, nani atakuchungulia viatuni?

Sisi wazima. Baba yako mguu unamsumbua asubuhi, jua likipanda anausahau. Mvua ilianza vizuri, sasa imekatika wiki mbili, uwele umesimama unatutazama tu. Tuombeane.

Mwanangu, lile neno lako limeninyima raha. Kwamba profesa amekupa mpaka mwisho wa Machi uwe umepata vipimo vya zamani vya kisima cha babu yako, la sivyo uiache kazi ya miaka miwili uanze nyingine. Nilimwomba baba yako anisomee tena, nikidhani nimekosea mimi na darasa langu la nne. Sikuwa nimekosea.

Basi Jumanne nikaenda mjini kwa Emilia, binti wa mama yako mdogo Anastazia. Siku hizi anafanya kazi kwenye duka la intaneti. Akanivutia kiti. "Mama mkubwa, kaa hapa. Kuna mtambo mpya, hauna hata miezi minne, kazi yake kutafuta maandishi ya wasomi peke yake."

Penina, nimeona maajabu. Mbuzi akipotea kwetu unazunguka boma kwa boma, unasalimia kila nyumba, unakunywa uji wa watu, na jioni unarudi bila mbuzi. Ule mtambo unazipigia hodi maktaba za dunia nzima kwa mara moja, na unarudi na majibu hujakaa sawasawa. Emilia aliandika uwele na Dodoma tu, yakaja maandishi mistari kwa mistari. Kuna mtu yuko Kanada ameandika habari za uwele wetu! Nikauliza, mbona huyu katangulia na yule yuko chini? Akasema anayetajwa sana na wenzake ndiye anayewekwa mbele. Nikasema kumbe hata kwa wasomi mtu ni kutajwa.

Kisha akaandika jina la kisima, akilinakili kwenye barua yako. Alilisoma kwa sauti, nami nikainamisha uso kama kawaida yangu. Hakikuja kitu. Akaongeza Mvumi, upande wa kijijini kwetu, akageuza kwa Kiingereza. Patupu.

"Mama mkubwa, hiki kisima hakikupimwa."

Nikamwambia, "Kilipimwa. Nilikuwepo."

Na hapo, mwanangu, nikakumbuka kosa langu.

Ilikuwa 1974, mwaka ule wa njaa. Nilikuwa bibi arusi wa miezi mitatu. Wanaume wote wamekwenda mnadani, niko peke yangu nateka maji, mara wakaja mzungu wa maji na karani wake, wana kamba yenye alama. Wakapima. Karani akafungua daftari, akaniuliza, "Dada, kisima hiki kinaitwaje?" Sasa wewe unajua kinaitwa jina la babu yako, maana ndiye aliyekichimba. Na unajua kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata nyumba ikiungua. Ningefanyaje? Nikainua macho, nikauona mkuyu. Nikasema, "Mkuyuni." Akaandika, akachonga namba kwenye jiwe, wakaondoka. Nikajitwisha ndoo yangu, nikaona nimejiokoa.

Nikamwambia Emilia aandike Mkuyuni. Akaandika. Mama! Kikaja hapo hapo: ripoti ya visima vya upande wa Mvumi, 1974, na Mkuyuni ni cha nne katika orodha. Mtambo haukuwa na kosa hata kidogo. Unatoa kilichoandikwa, na mimi ndiye niliyeandikisha kingine. Kurasa za ndani zimefungwa, zinataka neno la siri la chuo. Emilia anasema chuo chako lazima kinao ufunguo huo.

Alikutumia anwani ya ripoti siku ile ile kwa kompyuta. Kwa nini Mkuyuni, hakukueleza, nilimkataza. Nilijua utashangaa, utasema mama kachanganyikiwa, kwetu hakuna kisima cha jina hilo. Lakini kosa la mkono wangu nilitaka nilieleze kwa mkono wangu.

Baba yako nilipomwambia alicheka mpaka uji ukampalia. "Miaka thelathini na moja nalala na mwizi! Kumbe wewe ndiye uliyekipoteza kisima cha baba yangu!"

Nikamjibu, "Nilikipoteza kwa adabu, Nikodemo."

Alhamisi, na mguu wake ule, akapanda gari kwenda kijijini. Nilimweleza kwamba karani alichonga namba kwenye jiwe la mdomo wa kisima, upande wa mashariki. Amekwangua udongo kwa kisu, ameikuta: nne. Mkuyu ulishakatwa, kimebaki kisiki. Na shangazi yako anasema kamba ya ndoo wameiongeza mara tatu tangu nilipoolewa. Sijui kama hilo lina maana kwenye vitabu vyenu, nakuandikia tu.

Kwa hiyo mwonyeshe profesa barua hii. Mimi Priska, mke wa Nikodemo, nasema mbele ya Mungu kwamba Mkuyuni na kisima cha baba mkwe wangu ni kisima kimoja. Akitaka kunihoji aje, nitampikia mlenda.

Shangazi yako anakusalimu, na mama mdogo Anastazia, na Emilia anayesema usisahau picha. Baba yako anasema kula, usiishi kwa mkate. Mungu aliyempa babu yako maji chini ya mwamba akupe na wewe unachokitafuta.

Jambo la mwisho, mama. Kitabu chako kikiisha, na ule mtambo nao ukakiokota, wewe ni mjukuu, wewe hukukatazwa. Mtaje babu yako. Liandike jina lake zima karibu na Mkuyuni, ili mwingine akilitafuta asihangaike kama wewe. Mimi sitalitamka mpaka nife. Lakini siku Emilia atakapolisoma kwenye kile kioo, sitainamisha uso.

Wako akupendaye, anayekuombea kila siku,

Mama yako,
Priska