Neno Moja Mezani

Lubbock, Texas, 1974

Mpwa wangu Darrell,

Mbwa amezaa, mvua hakuna. Uliniuliza namna ya kuwatisha watu kwenye karata za poka ukiwa huna kitu mkononi. Jumamosi mchana kutwa nilikuwa natupa karata zangu na kuacha mzunguko, wote wakaamini siwezi kucheza bila karata nzuri. Kisha nikapata karata takataka, nikasukuma dau langu lote mbele.

Jirani yetu Hollis, mwoga wa kupoteza, akanikazia macho. "Wee Verlene, unazo au maringo tu?"

"Ninazo."

Akatupa zake akilaani. Cletus, mwenzetu mwingine mezani, nisingemjaribu, yule lazima alipe dau azione karata zako. Na ukidanganya, sema neno moja ufunge mdomo. Maelezo ndiyo yanayomuumbua mtu.

Umeuliza pia majibu yangu ya daktari. Mazuri.

Shangazi yako,
Verlene