Wifi anajua sikudanganya, lakini amenyamaza

Dada mshauri, salamu nyingi. Ukurasa wako huwa naukata kwa mkasi wa kazini nikawasomea wenzangu wakati wa chakula, tunakubishia, tunakucheka, tunakupenda, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nami nitashika kalamu. Leo naandika kwa hasira, kwa hiyo mwandiko ukikusumbua nivumilie, shule yenyewe niliiachia njiani.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, bado ananyonya, na kazi yangu ni kushona vifungo na matundu yake kwenye karakana ya sare za shule. Mchezo wangu ni chesi. Chesi niliingia kwa mlango wa ndoa, maana ukweni kwangu ubao haukosi mezani, mume wangu anacheza, na wifi yangu, dada yake mume wangu, ndiye aliyekuwa anaogopwa kuliko wote. Nilipokuwa na mimba daktari alinikataza hata kubeba ndoo, akasema nilale tu, basi mume wangu akaniletea ubao kitandani nisizeeke nikitazama dari, akanifundisha, na kabla mtoto hajazaliwa nikawa namfunga yeye mwenyewe. Alicheka sana, akasema, "Nimejiletea balaa chumbani."

Klabu yao iko ghorofani, juu ya duka la vitambaa, ukumbi mmoja wa viti vya plastiki na feni inayolalamika. Mwezi uliopita tulishindania timu ya klabu itakayokwenda kwenye mashindano makubwa, na nafasi ya mwanamke ni moja tu. Wifi aliitaka, mimi niliitaka, hilo halikuwa siri, tulitaniana hata jikoni. Mechi yangu ya mwisho nilipangwa na mwanaume mmoja tunayemwita Kamusi, kwa sababu kila mwendo wa chesi anajua jina lake na historia yake na lazima akueleze hata kama hukumwuliza. Wifi alikuwa amemaliza mechi yake mapema, akajitolea kukaa na mwanangu kwenye stoo ya nyuma, kule wanakotupa viti vilivyovunjika. Nilimshukuru, dada mshauri, nilimbusu shavuni.

Sasa mwanangu chupa haitaki hata uipake asali, na akilia mimi maziwa yanatoka yenyewe, blauzi inalowa mbele ya wanaume. Kwa hiyo nikawa nangoja zamu ya Kamusi, naye akianza kufikiri anafikiri kweli kweli, nachomoka kwenda stoo, namnyonyesha, narudi. Sheria inasema ukitoka ukumbini umwambie mwamuzi unakwenda wapi. Sikumwambia. Ningemwambiaje? Yule ni baba wa kulingana na baba yangu, ukumbi umenyamaza kama chumba cha mtihani, nisimame nitangaze matiti yangu? Nikawa natoka kama mtu anayekwenda kujisaidia. Mara ya mwisho ilikuwa zamu yangu mimi, saa yangu inakimbia, inakula dakika zangu, lakini kilio kile hakikuwa cha kungojewa, nikaenda. Na ni huko huko stoo, mtoto yuko titini, macho yangu yako ukutani, ndipo nilipouona ubao wote kichwani mwangu na nikajua namna ya kumaliza.

Nilirudi nikamsogeza malkia wangu mpaka ubavuni mwa mfalme wake. Kamusi akatabasamu, akamla kwa ngome yake kama mtu aliyeokota kitu barabarani, na ngome ile ile ndiyo iliyoziba nafasi ya mwisho ya mfalme kukimbilia. Nikaweka farasi. Mfalme akafia katikati ya watu wake mwenyewe. Ukumbi ulipiga makofi mpaka mwamuzi akasahau kutunyamazisha. Kamusi hakunipa mkono.

Kesho yake akaandika kwenye ukurasa wa klabu, maana ukurasa anauendesha yeye: "Kuna wanaoshinda kwa kichwa na kuna wanaoshinda kwa choo. Mtu anatoka mara tatu, anarudi na mwendo wa kompyuta. Simu yake ilikuwa wapi?" Basi watu wakashuka kama nyuki. Nikaeleza kwa upole kwamba nilikuwa namnyonyesha mtoto. Hapo ndipo nilipoumwagia moto mafuta. Mmoja akaandika, "Kumbe maziwa siku hizi yanakuja na bando." Mwingine, "Mtoto ananyonya, mama anapakua." Wakanibatiza Malkia wa Chooni, wakatengeneza picha yangu nimekaa chooni nimevaa taji, ikafika mpaka karakanani, fundi mmoja akanionyesha akidhani nitacheka.

Na mimi nikakosea, sifichi. Nilimjibu Kamusi pale pale mbele ya watu kwamba si ajabu mkewe alimkimbia, maana hata ubaoni hajui kukaa na malkia. Watu walicheka siku nzima. Nilifurahi, halafu baadaye sikufurahi.

Lakini hayo yote ni ya watu baki, ningeyameza. Kilichonikaba ni hiki. Mwenyekiti wa klabu aliingia kwenye kundi letu la simu akamwuliza wifi, "Wewe ulikuwa stoo naye. Ulimwona na simu?" Na wifi yangu, shangazi wa mwanangu, akajibu: "Nilikuwa nambembeleza mtoto, siwezi kusema niliona kila kitu."

Hakuona! Dada mshauri, simu yangu ilikuwa mkononi mwake yeye! Alikuwa anaangalia mitindo ya kusuka, akanigeuzia na moja, "Wifi, hii itanipendeza?" Yeye ndiye aliyenishikia mtandio kunisitiri!

Nikamfuata jikoni kwa mama mkwe. Alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka.

"Wifi, kwa nini hukusema?"

"Nimesema uongo gani? Nimesema siwezi kusema niliona kila kitu. Nani anaona kila kitu?"

"Simu ilikuwa kwako."

"Basi waambie wewe, si una mdomo? Kamusi mwenyewe umemweza."

"Mimi hawaniamini. Wewe watakuamini."

Akaweka sahani chini, ndipo akanitazama. "Wewe una mume, una mtoto, una kazi, na nafasi hii nayo unaitaka. Mwachie mwenzio hata kitu kimoja."

Nilibeba mtoto nikaondoka. Jioni akanitumia ujumbe wa sauti, nadhani kwa hasira, anasema, "Najua hukudanganya, sijasema umedanganya, ila mimi nimecheza tangu nikiwa darasa la pili na hakuna aliyewahi kunipigia makofi yale." Na yeye ndiye wa pili kwa pointi, kwa hiyo mimi nikitolewa anakwenda yeye.

Sauti hiyo ninayo. Kidole changu kimeshakaa juu ya kitufe cha kuitupa kwenye kundi zima mara nisizoweza kuhesabu. Mume wangu ameisikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Mama mtoto, yule ni dada yangu. Ukiitupa huko utakuwa umemvua nguo sokoni. Jitoe tu, mashindano yapo mwakani, tuwe na amani." Amani! Mimi ndiye ninayeitwa wa chooni, na mimi ndiye wa kuleta amani!

Jumamosi hii kamati inakaa kuamua kama nibaki kwenye timu au nitolewe na kufungiwa. Mimi bado nina matumaini, najua mchezo ule niliucheza kwa kichwa changu, na natamani mwanangu akue akiambiwa mama yako alikwenda, siyo mama yako alifukuzwa. Niambie, nijitoe nilinde ndoa, au niitupe ile sauti na kila mtu ale alichopika? Nijibu kabla ya Jumamosi, tafadhali, nitanunua gazeti mapema.

Mama Mwenye Hasira

MSHAURI ANAJIBU

Mama, barua yako niliianza nimesimama. Nilipofika pale jikoni kwa mama mkwe wako, nilivuta kiti.

Hasira yako ni halali, na asikuambie mtu kwamba ni ya kitoto. Umedhalilishwa kwa sababu ya kumlisha mwanao. Hao walioandika juu ya maziwa na bando walinyonya wote, na nawaombea aibu iwapate wakiwa mezani na mama zao. Bwana Kamusi naye amefungwa na mtu aliyejifunzia kitandani, kwa hiyo anatafuta kompyuta mahali ilipokuwa akili. Huyo nimemaliza naye.

Sasa nakugeukia wewe. Kwa nini hukumwambia mwamuzi? Eti ni baba wa watu. Baba wa watu ana watoto, hao watoto hawakukua kwa kunywa chai! Ulichoogopa ni sentensi moja fupi, na kwa kuikwepa umewapa watu mwanya wa kuandika sentensi mia. Nimemwuliza mtu anayewafundisha watoto chesi, akaniambia kutoka bila taarifa ni kosa dogo, mtu huonywa, na udanganyifu ni jambo jingine kabisa linalohitaji ushahidi. Kwa hiyo Jumamosi hilo dogo ulikiri wewe mwenyewe kabla hujaulizwa. Sema, "Nilitoka bila kukuambia, mwamuzi, niliona haya, nimekosa." Ukishalitoa mwenyewe, hakuna atakayekutingishia usoni.

Lile la mke wa Kamusi lilikuwa chafu. Nimecheka, nakiri, kisha nikamfikiria huyo mwanamke anayesoma ndoa yake ikitumika kama utani wa watu wasiomjua. Mwombe radhi Kamusi kwa hilo peke yake, pale pale ulipoliandika, na usiweke "lakini" nyuma yake. Baada ya hapo usiandike tena hata nukta kwenye ukurasa wake. Mtu anayeshika kitasa cha mlango humshindi kwa kupiga kelele chumbani mwake.

Usijitoe. Nimeona umeuliza kana kwamba ni chaguo, si chaguo. Ukijitoa leo, picha ile ya taji utakuwa umeitia sahihi, na mwakani watakungoja nayo mlangoni.

Na ile sauti usiitupe kundini. Si kwa ajili ya wifi yako tu. Kundini itachekwa, itakatwa, itawekewa muziki, na ikifika Jumamosi itakuwa mzaha kama mizaha mingine. Leo hii, ukimaliza kusoma, nenda kwake. Usiende na mama mkwe wala na jirani. Mwambie hivi: "Nimesikia ulichosema kuhusu makofi, na kinaniuma. Lakini Jumamosi nataka uiambie kamati kwamba simu ilikuwa mkononi mwako. Usiposema, nitawasikilizisha sauti yako, ndani ya chumba, wanakamati peke yao." Mwambie mapema, ajue kila kitu, asije akasema umemtegea. Kisha fanya ulichosema. Kwenye kundi ule ni umbea; mbele ya kamati ni ushahidi.

Na nakwambia ukweli ambao hutaupenda: yule si jini. Ni mtu aliyekaa miaka mingi akiwa hodari nyumbani kwao, akaja bibi harusi akamzidi ndani ya miezi michache. Mwonee huruma, ndiyo. Ila huruma haidai umpe jina lako. Anataka kwenda mashindanoni, akufunge ubaoni, njia iko wazi na wewe uko tayari.

Iambie pia kamati ikae na kuandika utaratibu: mama anayenyonyesha apewe chumba karibu, simu yake ikae kwa mwamuzi, na saa yake isimamishwe. Omba kabisa kwamba wakitaka kuhakikisha, wakuweke na Kamusi tena mbele yao, mifuko mitupu. Mtu aliyeiba mchezo haombi hivyo.

Maneno yangu ya mwisho si yako. Mpe gazeti mumeo, aanzie hapa.

Shemeji, hiyo amani unayoitaka anayeilipia ni mmoja, na unalala naye kitanda kimoja. Sauti ya dada yako umeisikia kwa masikio yako, kwa hiyo kuanzia siku ile wanaojua na kunyamaza mmekuwa wawili. Jumamosi hutabaki nyumbani. Utapanda ngazi zile pamoja na mkeo, na mwenyekiti akiuliza kama kuna mwenye la kusema, utasimama useme ulichosikia, kabla dada yako hajalazimika kusimama. Hilo ndilo litakalomsitiri yeye pia. Na kama ulimi utakuwa mzito, basi mpokee mkeo mtoto, umshike vizuri, yeye aseme.